Usikimbilie kusanisi analogi, ichunguze kwanza kampaundi yako

Wanafunzi wengi wa kemia ya dawa hupenda kusanisi, yaani kutengeneza molekuli mpya maabara, kuliko kupima. Mpe mmoja kampaundi iliyozuia kimeng'enya, na kesho yake ameshachora analogi, yaani molekuli zilezile zilizobadilishwa kidogo, za kujaza daftari: hapa florini, pale methili. Mimi humwambia asubiri. Kampaundi inayong'ara kwenye kipimo cha kwanza mara nyingi inadanganya, na ukiifuata miezi inapotea bure.

Naanza na Triton X-100. Rudia kipimo kilekile, lakini ongeza asilimia 0.01 ya sabuni hiyo kwenye bafa, yaani myeyusho unaodumisha pH wakati wa kipimo. Molekuli nyingi zinazopenda mafuta zikizidi kiwango fulani ndani ya maji hujikusanya na kuwa vitonge vidogo visivyoonekana kwa macho. Vitonge hivyo hunasa kimeng'enya na kukifanya kisifanye kazi, nawe kwenye grafu unaona uzuiaji mzuri kabisa. Sabuni ikiingia, vitonge vinavunjika na nguvu yote inatoweka. Maabara ya Brian Shoichet huko Marekani imelieleza jambo hili kwa kina, na bado watu wanalipuuza kila siku. Dalili nyingine ni grafu inayoporomoka ghafla badala ya kushuka polepole. Mgawo wa Hill, namba inayoonyesha ukali wa mteremko huo, ukifika 2 au 3 bila sababu ya wazi, mimi huanza kutilia shaka.

Kisha tazama muundo wenyewe. Mwaka 2010 Jonathan Baell na Georgina Holloway walichapisha orodha ya miundo inayojitokeza kwenye vipimo vya kila aina na kutoa matokeo ya uongo, maarufu kama PAINS. Humo mna rodanini, kwinoni na katekoli. Kurkumini ndiyo mfano ninaopenda kuutoa: ina rangi, inamulika yenyewe, inashikana na protini ovyo, na kwenye bafa ya pH 7.4 inaoza upesi, kwa hiyo hata hujui umepima nini. Ila orodha hiyo si hakimu. Levodopa ni katekoli, na ni dawa inayotegemewa na wagonjwa wengi wa Parkinson.

Sampuli nayo ina siri zake. Usafi wa asilimia 95 kwa HPLC, mashine inayotenganisha vilivyomo kwenye sampuli, ni lazima, lakini HPLC haikuonyeshi zinki wala paladi iliyobaki kutoka kwenye usanisi, na metali hizo zinaweza kuzuia kimeng'enya zenyewe. Pima tena ukiwa na EDTA, inayonasa metali, mradi kimeng'enya chako hakihitaji metali. Kama bado una wasiwasi, isanisi upya kwa njia isiyotumia metali hiyo.

Kanuni ya Lipinski ya mwaka 1997 kuhusu dawa za kumeza, inayotaka, pamoja na mengine, uzito wa molekuli usiozidi 500 na logP (kipimo cha kupenda mafuta) isiyozidi 5, ni ya kukumbuka tu. Usiifanye dini. Na ukifika kwenye seli, pima pia seli zenye afya, maana sumu ya kawaida huua kila seli, za saratani zikiwemo.

Ikivuka yote hayo, sasa sanisi. Katika kundi la kwanza weka analogi moja unayotarajia isifanye kazi. Kama kampaundi ina kituo cha kairali, yaani atomi inayoifanya iwe na umbo la kulia na la kushoto kama mikono, enantioma yake, yaani pacha wake wa kioo, inafaa sana: uzito uleule, umumunyikaji uleule, tofauti ni mkao tu. Zote mbili zikizuia kwa nguvu sawa, huenda uzuiaji huo si wa kweli, kwa hiyo usiagize vitendanishi vingine bado.