Je, ninunue sensa ya hewa?

SWALI: Shikamoo fundi. Gari langu la lita 1.5 linatetemeka likiwa sailensi (injini inawaka bila kukanyaga mafuta), na mlimani linakosa nguvu. Mashine ya kupima gari imesoma kodi ya hitilafu P0171. Nimeambiwa ninunue sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini. Ninunue? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Usinunue bado! P0171 inasema tu kwamba petroli ni kidogo kuliko hewa; haimtaji mkosaji. Mimi huanza na mpira mnene unaotoka kwenye boksi la eya klina (chujio la hewa). Ukunje, chungulia kila mkunjo. Ukiwa na ufa, hewa inaingia bila kupimwa, na sensa mpya haitasaidia kitu.

Mpira ukiwa mzima, pasha injini moto, kisha fundi wako asome kwenye mashine gramu za hewa kwa sekunde zinazopimwa na sensa. Injini kama yako ikiwa sailensi, AC imezimwa, husoma kama 2 hadi 3. Zikiwa chini sana, au ukikanyaga mafuta hazipandi sawasawa, shuku sensa. Zima swichi, ichomoe, ipulizie dawa maalumu ya sensa za hewa (ya kabureta hapana), iache ikauke kabisa. Nakusihi, ule waya wa ndani usiuguse hata kwa pamba. Ni mwembamba kama unywele.

Futa ile kodi ya P0171 kwa mashine, endesha. Ikirudi, pima presha ya petroli kabla hujatoa hela.