Mapishi ya mama nayo ni utafiti?

Mwezi uliopita niliandika, kwa kupita tu, kwamba hapa Lubumbashi mtu anaweza kupata diploma kwa kuhesabu sufuria za jirani, na mwenzake akapata ya kwake kwa kupima ukuta wa nyumba waliyoiacha Wabelgiji. Kumbe nimechokoza nyuki. Haya, tujibizane. Maswali nimeyafupisha, majina yenu yabaki kwenu.

Mwanangu anamaliza historia kule Kasapa, chuo kikuu. Nimeuza makala (mkaa) miaka mitatu ili asome, leo ananiambia memwari yake, ile kazi ya kumaliza masomo, ni juu ya namna familia za wafanyakazi zilivyokuwa zinakula. Kula si mimi niliyemfundisha? Anirudishie pesa yangu. (Mama wa Katuba)

Mama, pole na makala, lakini mtoto hajakuibia. Wewe ulimfundisha kula. Yeye anatafuta nani aliamua mle nini, na kwa nini.

Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya migodi ya shaba, ilipoanza ilikuwa inachukua wanaume peke yao, kwa mikataba mifupi. Aliyechoka au kutoroka, nafasi yake ilijazwa na mwingine. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabadili njia: mwanaume aje na mke wake, asaini miaka 3, atulie. Mke akapewa posho, mtoto akapewa posho. Shule ya kampuni, hospitali ya kampuni, nyumba ya kampuni. Sasa niambie, katika nyumba hiyo baba alikuwa nani? Aliyewazaa watoto, au aliyewapimia unga? Wazee wa kambi walikwisha kujibu: kampuni njo (ndiyo) baba, njo mama. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi hapa hapa, aliichunguza familia ya mfanyakazi wa Katanga kuanzia 1910 hadi 1997, baba akiwa na amri gani na alipoipoteza vipi. Kitabu chake kilitoka mwaka 2001. Kisha, 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, wakaondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari (waulize walioondoka kama hiari hiyo waliiona). Mama wengi wakaingia sokoni na shambani, na neno la mwisho ndani ya nyumba likaanza kuhama. Mwanaanthropolojia Benjamin Rubbers kutoka Ubelgiji naye alizifuata familia hizo.

Ujanani nilimbebea mtafiti mmoja karatasi zake za maswali, mlango kwa mlango. Kulikuwa na swali: mnakula mara ngapi kwa siku? Mama mmoja, amekaa kwenye kibao anachekecha unga, meka (kopo la kupimia) moja tu ya siku ile, akajibu bila kuinua macho: mbili. Mtoto wake wa miaka sita hivi akauliza, "Na jana, mama?" Ungo ukasimama. Mimi niliandika 2, kwa sababu karatasi ilikuwa na kisanduku cha tarakimu, haikuwa na mahali pa kuandika ungo. Mwanao akijua kuuandika ule ungo, makala yako hayakuungua bure. Ila muulize kitu kimoja: je, wewe amekuhoji? Kama bado, hapo mdai.

Sisi wa politekniki, wahandisi, tunahesabu tani, hao wa barua, wa historia na lugha, wanahesabu sufuria. Tuseme ukweli, utafiti hasa ni upi?

Tuseme ukweli basi. Kuna ua dogo la porini huku kwetu, wataalamu wanaliita *Haumaniastrum katangense*, linalostawi kwenye udongo wenye mukuba (shaba) mwingi ambapo mimea mingine inakufa. Mtu wa mimea analichunguza ajue linaishije na sumu hiyo. Mtu wa migodi analitazama kama kidole kinachoonyesha chini. Ua ni moja, fani ni mbili.

Na mwaka 2020 madaktari wa hapa pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa utafiti uliolinganisha watoto wa Lubumbashi waliozaliwa na kilema na wale waliozaliwa wazima. Kilichojitokeza kwa nguvu ni kazi ya baba: waliofanya kazi za migodi ya shaba na kobalti, watoto wao walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Tani zako hizo, ndugu yangu, zinaingia nyumbani na nguo za kazi. Umuulize nani kuhusu nani anazifua na zinaanikwa wapi, kama si mtu wa sufuria?

Nakaa katika nyumba ya zamani ya matofali, karibu na katikati ya mji. Mwenye lupango (kiwanja) anataka kuibomoa ajenge gorofa. Ningependa kuiandika kabla haijaanguka, lakini nasoma sosholojia, si architecture.

Afadhali iwe hivyo. Mtu wa majengo ataanzia mbele, kwenye nguzo na paa. Wewe anzia uani.

Huko nyuma bila shaka kuna boyeri, chumba cha mfanyakazi wa nyumbani. Chukua mita. Mlango wake unaangalia wapi? Dirisha lina upana gani? Kutoka boyeri hadi jikoni ni hatua ngapi, na mtu alipita wapi ili asionekane barazani? Andika yote, na rangi ya ukuta pia, halafu tafuta mzee aliyewahi kulala humo umsomee. Atakusahihisha, na masahihisho yake ndiyo kazi yenyewe.

Kwa maana mji huu ulichorwa hivyo tangu 1910, ulipoanza kuitwa Elisabethville: avenyu zilizonyooka kama rula kwa Wazungu, na baadaye cité ya Waafrika, ile Albert ya zamani ambayo leo ni Kamalondo, ikasukumwa ng'ambo ya eneo lililoachwa wazi makusudi. Wakalibatiza jina la afya. Mbu wa malaria wasiruke kutoka kwa Mwafrika kwenda kwa Mzungu. Mbu alihesabiwa mita, na Mwafrika aliyekutwa mjini usiku aliulizwa karatasi. Lakini yule wa boyeri alilala ndani ya uzio huo huo uliotakiwa kuwa salama, hatua ishirini kutoka kwenye kitanda cha bwana wake, na sijawahi kusikia mbu wake akilalamikiwa. Ukitaka kichwa cha memwari, kimo humo.

Johan Lagae wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, ameshirikiana na wanahistoria wa hapa miaka mingi kuyasoma majengo yetu namna hiyo, jiwe pamoja na kumbukumbu za watu. Tazama lile jengo la Juni 30: tunalijua kama la wabunge wa jimbo, kumbe lilijengwa miaka ya 1950 liwe teatri, kazi ya Claude Strebelle. Waliokaa humo wakitazama maigizo na wanaokaa humo leo, sitasema zaidi.

Halafu usisahau tofali. Udongo wa kichuguu ndio unaopendwa kwa matofali huku kwetu, na vichuguu navyo vina watafiti wake. Mwaka 2015 watu wa Ghent na wa Lubumbashi walichapisha umri wa vichuguu vikubwa vya miombo ya Katanga, vilivyopimwa kwa radiokaboni: kimoja kilizidi miaka 2,000. Nyumba unayoiita ya zamani huenda imejengwa kwa kitu ambacho kingeicheka.

Direkta wangu, anayesimamia memwari yangu, anasema swali langu ni pana mno. Nimeandika: "Maisha ya familia mjini Lubumbashi".

Ana haki. Hilo si swali, ni bango la barabarani. Chagua avenyu tatu, kambi moja, miaka miwili, na kitu kimoja kinachoonekana kwa macho: nani anapakuliwa bukari (ugali) kwanza tangu baba akose mshahara. Ukishindwa kulieleza kwa shangazi yako wakati taksibasi inangoja abiria wajae, bado ni pana.

Wazee ninaowahoji wanasema Kiswahili chetu cha hapa: batu, njo, kwiko. Memwari inatakiwa Kifaransa. Niwe natafsiri papo hapo ninapoandika?

Hapana, hapana tena. Rekodi, kisha andika kama alivyosema, makosa ya shule yakiwa ndani. Kifaransa kitakuja baadaye, kando.

Nikupe neno moja tu: kazi. Kwa mzee wa hapa, kazi ni ile ya mshahara, ya kampuni au serikali. Ndiyo maana mama anayeamka saa kumi usiku kuwahi mboga sokoni atakwambia, bila kuona ajabu, "Sina kazi." Ukiharakisha kumtafsiri, kwenye karatasi yako atasomeka kama mtu aliyekaa tu. Umemnyang'anya siku nzima kwa neno moja.

Na wewe si wa kwanza. Mwaka 1965 watu waliowahi kuwa wafanyakazi wa nyumbani wa mji huu waliandika historia ya Elisabethville kama walivyoiona kutoka jikoni. Mkusanyaji alikuwa André Yav, na Kiswahili ni hiki hiki cha kwetu. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliitoa mwaka 1990, maneno ya Yav yakiwa yamebaki kama yalivyo. Fikiria kama mwalimu mmoja mwenye kalamu nyekundu angewahi kulipata daftari lile! Huyo Fabian ndiye pia aliyekaa na Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa hapa, kati ya 1973 na 1974, akimsikiliza akieleza picha zake karibu 100 za historia ya nchi, moja baada ya nyingine. Tshibumba hakuwa na diploma ya historia, lakini alijiita mwanahistoria. Mimi simkatalii.

Ile misalaba ya shaba ya kwenye museum: mwalimu wetu wa dini anasema ililetwa na wamisionari. Kweli?

Mwalimu asamehewe, umbo limemdanganya. Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, mwanaakiolojia Jacques Nenquin alianza kuchimba makaburi mwaka 1957, na Pierre de Maret akaendelea miaka ya 1970. Waliozikwa na misalaba hiyo walikufa karne nyingi kabla ya padri wa kwanza kufika huko. Inapendeza kuona jinsi de Maret alivyoisoma: ile ya zamani ni mikubwa na adimu, kitu cha wenye heshima, kadiri karne zinavyosonga inakuwa midogo, mingi, yenye vipimo vinavyofanana. Vipimo vikianza kufanana, ujue watu wanahesabu. Imeshakuwa pesa. Na ndiyo hiyo mitatu iliyowekwa kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960.

Alikuja mtafiti, kijana mwenye adabu. Nilimpa saa tatu nzima za mazungumzo, nikamkopesha kitabu cha kazi cha marehemu baba na picha mbili. Huu ni mwaka wa nne. Simu haipiti. (Papa wa Kenya, ile komini ya hapa mjini)

Papa, hilo ni kosa, na sitalifunika kwa maneno ya kisomi. Kitabu cha kazi kina tarehe, kambi, jina la kijiji; kwa mtafiti ni dhahabu, kwako ni baba. Leo hakuna sababu ya karatasi kutoka mlangoni, simu inapiga picha hapo hapo mezani. Atakayekuja tena apige picha mbele yako, aandike jina lake, la direkta wake na la idara yake kwenye daftari lako, si lake. Na yule wa kwanza, kama unakumbuka idara aliyotaja, nenda na mjukuu mkamuulize mkuu wake. Memwari zinawekwa, jina lake litapatikana.

Nasema kwa ukali kwa sababu nami nina deni la namna hiyo. Kwa yule mtafiti niliyembebea karatasi, mama mmoja alinipa picha ya familia, mume amesimama katikati na saa mkononi, nikaahidi kuirudisha Jumatatu. Mtafiti akaondoka, nikahama avenyu, picha ikalala ndani ya kamusi miaka kumi na mmoja. Nilipoiona nikaona haya kuipeleka, ndiyo maana ikaongezeka miezi miwili mingine.

Nilimkuta bado yuko pale pale. Mume alikwisha kufa. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, au kwa matusi. Akaishika picha karibu na macho, akampita mume bila kusimama, kidole chake kikaenda nyuma kabisa, kwenye ukuta. Akamwita binti yake aliyekuwa anafua.

"Kuja uone. Barza ilikuwa hapa. Miaka yote unanibishia."

Binti akaja na povu mikononi, akainama. "Ni kweli," akasema. "Ilikuwa na ngazi mbili."

"Tatu," akasema mama. "Moja imefichwa na mguu wa baba yako."