Maswali ya Wasomaji: Nifunge Akaunti ya Benki Nibaki na Simu?

SWALI: Assalaam aleikum. Ninauza leso hapa Biashara Street, Mombasa. Siku hizi wanunuzi wangu karibu wote hulipa kwa simu, na hata muuzaji wa jumla ninayechukua mzigo kwake hupokea kwa simu. Benki ninakwenda kwa nadra, nako ni kupanga foleni asubuhi nzima, na kila mwezi ninakuta nimekatwa ada. Mwanangu anasema niifunge akaunti. Mume wangu anasema kampuni ya simu si benki, na ikianguka sitakuwa na wa kumlilia. Nifuate la nani?
Muuza leso, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Nianze na hofu ya shemeji, maana ndiyo nzito zaidi. Pesa unazoziona kwenye simu si mali ya kampuni ya simu. Kanuni za Mfumo wa Malipo wa Kitaifa za mwaka 2014 zinaitaka kampuni inayotoa huduma hii iziweke pesa za wateja katika akaunti za udhamini kwenye benki, yaani akaunti anazozishika mdhamini kwa niaba ya wateja, zisichanganyike na fedha zake yenyewe. Kwa hiyo hata sasa pesa zako zimo benki, ila akaunti hiyo imeandikwa jina la mdhamini wala si lako, na faida inayopatikana huko haikufikii wewe.

Shemeji asidhani pia kwamba benki haianguki. Oktoba 2015 Benki Kuu iliiweka Imperial Bank chini ya usimamizi, na Aprili 2016 ikafuata Chase Bank; wafanyabiashara waliokuwa na akiba humo walikaa muda mrefu wakihangaikia haki yao. Wakati ule bima ya amana, yaani fidia anayolipwa mwenye akaunti benki ikianguka, ilikuwa shilingi 100,000 tu kwa kila mwenye akaunti. Tangu mwaka 2020 imepandishwa hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja katika kila benki, na hiyo ni kinga unayoipata kwa jina lako mwenyewe.

Ushauri wangu ni kwamba usiifunge akaunti hiyo, lakini pia usiendelee kuitumia kama unavyoitumia sasa. Simu ni nzuri mno kwa kupokea na kulipa, na tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 hakuna njia nyingine iliyomrahisishia mwenye duka dogo kazi kiasi hicho. Kasoro yake inaonekana pesa zinapolala humo. Kwanza ipo mipaka: laini ya mtu binafsi haishiki zaidi ya shilingi 500,000, na huwezi kutuma zaidi ya 250,000 kwa mara moja. Msimu wa Idi na wa harusi, unapotaka mzigo mkubwa, utaikuta mipaka hiyo imekukalia kooni.

La pili, ambalo ndilo linalonisikitisha zaidi ninaposoma barua zenu, ni mikopo ya papo kwa papo kama Fuliza, inayokukopesha salio lako la M-Pesa likipungua. Mtu hukopa kidogo akanunue mboga, halafu anahamisha mauzo ya siku kutoka nambari ya biashara, ile wateja wanayolipia, kwenda kwenye laini yake, na deni pamoja na ada zake hukatwa kwanza kabla hajaigusa hata shilingi. Kesho yake mtaji haujatimia, naye anakopa tena. Mtaji wa leso ukishachanganyika na pesa za mboga na nauli, mwenye duka hawezi tena kusema kama biashara inapata au inakula. Ama kuhusu ada hizo na suala la riba, hilo ni la kumuuliza shekhe wako; mimi ninazungumzia hesabu tu.

Basi fanya hivi: kila jioni ukifunga duka, acha kwenye simu kiasi cha kuanzia kesho, na kilichobaki kihamishie benki kwa simu hiyo hiyo. Foleni hutaipanga. Baada ya miezi kadhaa utakuwa na taarifa ya akaunti inayoonyesha mauzo peke yake, nayo itakufaa siku utakapoomba mtaji. Ada ya kila mwezi si lazima uivumilie, kwani zipo akaunti zisizotozwa. Uliza, na ukinyimwa, hama. Kama riba inakukera, Gulf African Bank inafuata sharia, na benki kadhaa za kawaida nazo zina kitengo cha namna hiyo. Usihesabu kwamba simu inakwepa ushuru, kwa kuwa tangu Julai 2023 ada za kutuma pesa, iwe kwa simu au kwa benki, hutozwa ushuru ule ule wa asilimia 15.

Jambo moja zaidi, kwa sababu Biashara Street ninaijua inavyofurika jioni za mwisho wa Ramadhani. Mteja akikunyooshea simu yake uone ujumbe kwamba ameshalipa, usiusome huo. Subiri ujumbe uingie kwenye simu yako, hata kama wenzake watatu wanakuharakisha. Ujumbe wa kughushi huandikwa ukafanana kabisa na wa kweli.

SWALI: Chama chetu cha akina mama huku Kisauni huweka michango kwenye laini ya mweka hazina. Sasa anasafiri kwenda Oman kikazi, na anataka kumwachia dada yake laini pamoja na nambari ya siri. Ni sawa?
Mwanachama, Kisauni

JIBU: Si sawa hata kidogo, mama. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mmoja, na pesa zilizomo zinahesabika kuwa zake; likimpata la kumpata, mtabaki mkiwaeleza warithi wake kwamba ni za kikundi. Fungueni akaunti ya kikundi benki, yenye watia saini watatu, na pesa zisitoke bila wawili kati yao. Mtatakiwa cheti cha usajili wa kikundi na kumbukumbu za mkutano uliowateua watia saini, kwa hiyo mkutano huo uitwe wiki hii. Michango mnaweza kuendelea kuituma kwa simu, ila sasa iende moja kwa moja kwenye akaunti hiyo. Zilizoko kwa mweka hazina zihamishwe kabla hajapanda ndege, mbele ya wanachama, na nambari ya muamala iandikwe katika daftari la kikundi.