Jiji halina polisi wa kuuza

Swali la wiki: Je, jiji lizuiwe kisheria kukabidhi kazi ya polisi na zimamoto kwa makampuni binafsi?

Ndugu Mhariri,

Jibu langu ni ndiyo, lizuiwe, ila kwa Dar es Salaam swali limeelekezwa kwa asiyehusika. Jiji la Dar es Salaam, yaani iliyokuwa Manispaa ya Ilala hadi ilipopandishwa hadhi 2021, halina polisi hata mmoja. Askari wote ni wa Jeshi la Polisi, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Zimamoto walikuwa wa halmashauri zamani, lakini sheria ya 2007 iliyounda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ikawapeleka wizara hiyohiyo. Meya akitaka kuuza, atauza nini? Katazo likitungwa, litungwe na Bunge, na wizara iwe ya kwanza kufungwa nalo.

Halafu tusijifanye hatujaanza. Masaki na Mikocheni kila geti lina mlinzi wa kampuni, na kengele ikibonyezwa linakuja gari la kampuni, si la polisi. Hata magari binafsi ya kuzima moto yapo mjini hapa, yana wateja wake. Sisi wa uswahilini tuna ulinzi shirikishi: kila kaya inachanga kwa mwezi, vijana wanazunguka usiku na filimbi, tochi na rungu. Hakuna muswada uliopelekwa popote, lakini usalama tunaununua.

Mimi ni mweka hazina wa ulinzi shirikishi mtaani kwetu, upande wa Kigogo, kwa hiyo daftari la michango linalala kwangu. Wapangaji ndio wagumu kutoa. Kuna kikao kimoja jamaa mmoja alisimama akataka nyumba zisizolipa ziandikwe kwa chaki mlangoni, vijana wazipite. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja aliyekaa kwenye ndoo nyuma kabisa akauliza, "Mwizi akiruka ukuta wa asiyelipa, ataangukia kwa nani?" Kimya. Maana kuta zetu ni za pamoja, na aliyependekeza chaki amepakana na wadaiwa sugu wawili. Hoja ikafa palepale. Filimbi ikilia vijana wanakimbilia kila nyumba, na mimi nabaki na daftari langu na madeni yake.

Kwa moto hali ni mbaya zaidi. Soko Kuu la Kariakoo liliungua Julai 2021, na haikupita hata mwaka likaungua soko la Karume, Januari 2022. Waliowahi kufanya biashara Karume wanajua vibanda vilivyobanana pale, mbao kwa mbao, turubai juu ya turubai. Hebu niambie, gari la kampuni lingefika pale likazima kibanda cha mteja wake tu, likaacha cha jirani yake, kivipi?

Kuna mji mdogo wa South Fulton, jimbo la Tennessee, Marekani. Kikosi chake kilihudumia nyumba za nje ya mji kwa ada ya dola 75 kwa mwaka. Mwaka 2010 nyumba ya mtu ambaye hakulipa ikashika moto. Zimamoto wakaja, wakazuia moto usiharibu mali ya jirani aliyelipa, nyumba yenyewe wakaiacha iteketee wakiitazama. Na kikosi kile kilikuwa cha umma, cha halmashauri ya mji, wala si cha kampuni! Kwa upande mwingine, huko Denmark kampuni ya Falck, iliyoanzishwa 1906, imezima moto kwa miongo mingi katika halmashauri nyingi, na halmashauri ndiyo inayolipa, kwa hiyo kila nyumba inahudumiwa. Ndiyo maana mimi sigombani na neno "binafsi" lenyewe. Ninachogombana nacho ni risiti kuulizwa mlangoni kabla ya maji.

London ya zamani ilipita njia hii pia. Makampuni ya bima ndiyo yaliyokuwa na vikosi vya zimamoto. Mwaka 1861 moto mkubwa wa Tooley Street ukayaumiza makampuni hayo kiasi kwamba yenyewe yakaiambia serikali hayawezi tena, na 1866 kikosi cha umma kikachukua kazi.

Wanaotaka ubinafsishaji wana sababu, sikatai. Kila aliyeishi Dar ameshasikia lile lalamiko la zimamoto kufika wamechelewa, au maji kuwaishia katikati ya kazi. Lakini gari la kampuni nalo litakwama kwenye foleni ileile ya Buguruni, na kichochoro cha Manzese hakitapanuka kwa sababu dereva amevaa sare nyingine. Vituo ni vichache na mji ni mkubwa. Hilo ni suala la bajeti na mipango miji. Wenye maduka, kwa mfano, tozo ya ukaguzi wa zimamoto wanailipa, na risiti inaning'inia ukutani pembeni ya mtungi wa kuzimia moto uliokwisha muda.

Tena sisi mikataba tunaijua. Maji ya Dar yalikabidhiwa kampuni binafsi ya City Water mwaka 2003 kwa mkataba wa miaka kumi, serikali ikauvunja 2005, na mashauri ya usuluhishi yakaendelea kwa miaka. Wakati huo wote mji uliishi, kwa sababu maji yakikosekana bombani unamwita muuza madumu. Moto hauna muuza madumu.

Kuhusu polisi nitasema machache. Leo mlinzi wa kampuni akikukamata, sheria inamtaka akukabidhi polisi bila kuchelewa. Mstari huo usisogezwe hata kidogo. Ukipigwa mahabusu una OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, wa kumlalamikia, una RPC, kamanda wa polisi wa mkoa, una mbunge wa kupiga kelele. Kwa kampuni utapewa namba ya huduma kwa wateja.

Kwa hiyo, kama Bunge litaandika hilo katazo, naomba liseme mambo haya: mamlaka ya kumweka mtu mahabusu na kupeleleza kesi yasikodishwe, na hakuna moto utakaozimwa kwa kuangalia nani amelipa. Makampuni yaendelee kulinda mageti, kutengeneza magari, kuleta maboza ya maji. Na siku gari lao la kuzima moto likiwa karibu na tukio kuliko la serikali, amri ya 114, namba ya dharura ya zimamoto, ilifikie, bili ipelekwe wizarani, mwenye nyumba asidaiwe.

Msomaji wenu,
Kigogo, Dar es Salaam