Ngome za Japani: Ipi ya Kale Kweli?

Swali: Mhariri, salaam. Mwanangu anasoma Osaka na amenialika. Mimi niliyezoea magofu ya Kilwa Kisiwani nauliza: je, ngome za huko ni za kale kweli?
Msomaji, Lindi

Jibu: Nyingi zimejengwa upya. Hata mnara mkuu wa ngome ya Osaka, ambao bila shaka mwanao atakuonyesha kwanza, ni wa zege na ulikamilika mwaka 1931. Ndani yake kuna makumbusho na lifti. Minara mikuu ya asili iliyosalia ni 12 tu, kwa kuwa mwaka 1615 utawala wa Tokugawa uliwaagiza madaimyo, yaani mabwana waliotawala majimbo, wabomoe ngome zao za ziada, na baada ya majimbo hayo kufutwa mwaka 1871 nyingine nyingi zilivunjwa. Nenda Himeji, takriban saa moja kwa treni. Mnara wake wa mbao ulikamilika mwaka 1609, na njia ya kuuendea hupindapinda kupitia malango mengi ili adui achanganyikiwe huku akilengwa kwa mishale na risasi kutoka kwenye matundu ya kuta. Ngazi zake ni za mwinuko mkali, nawe utavua viatu kama uingiapo msikitini. Basi chukua soksi.