Wanawake wanne wanatosha?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mjini kwetu koo mbili zinauana kwa ajili ya malisho. Tuko wanawake wanne, tunataka kufanya jambo, ila tunaambiwa tuwaachie wazee. Tuanzie wapi?
– Msomaji, kaskazini mwa Kenya

JIBU: Marahaba mwanangu. Anzieni sokoni. Kule Wajir, mapigano ya koo yalipopamba moto mwanzoni mwa miaka ya 1990, hata maziwa yaliuzwa kwa kufuata ukoo. Dekha Ibrahim Abdi, mama mpigania amani wa huko, na wenzake wachache walisimamia jambo moja: kila mama auze na anunue bila kuulizwa ni wa nani. Wakaweka kina mama wa kulichunga palepale sokoni. Ndipo wakawaendea wazee, na msemaji akatoka ukoo mdogo kabisa, usiotishia yeyote. Nalipenda sana hilo! Mwaka 1993 wazee wakafikia Azimio la Al-Fatah, makubaliano ya amani kati ya koo hizo.

Nimeuza maziwa mimi. Mteja akishaonja, kisha akakurudishia kibuyu kwa sababu ya jina la baba yako, huli siku hiyo. Basi kesho nendeni wote wanne, mkanunue kwa mama asiyenunuliwa. Wazee mtawafuata baadaye, na vijana msiwasahau, maana bunduki wanazo wao.