Chenso ya ekari tatu Chamwino: achana na ya inchi 24

Kaka, umesema una ekari tatu Chamwino, migunga imeangukia uzio, na fundi anakusukumia chenso ya inchi 24 kwa kuwa "ina nguvu". Iache. Hiyo ni ya kupasulia magogo, na ukishika nusu saa mgongo utakuambia. Kwa kazi yako bapa (kile chuma kirefu ambacho mnyororo unakizunguka) la inchi 14 hadi 16, injini ya cc 35 hadi 45, linatosha kabisa. Kabla ya kulipa, uliza kama mnyororo na plagi zake zinapatikana hapo mjini.

Shida ya kwetu zaidi ni mchanga. Mgunga wenyewe ni mgumu, halafu umelala chini. Mwaka jana niligusisha mnyororo ardhini mara moja tu, basi: badala ya kutoa chembe nene ukaanza kutoa unga laini na moshi. Ukiona unga, simama, unoe. Nunua tupa ya duara inayolingana na mnyororo wako, na weka gogo juu ya vipande vya miti kabla ya kukata.

Mafuta yapo mawili, usichanganye: oili ya tu-stroki kwenye petroli (nyingi ni 1 kwa 50, yaani mililita 20 kwa lita, ila soma kitabu chake), na oili ya mnyororo kwenye tangi lake.

Ncha ya bapa isiguse tawi, itakurukia usoni. Buti na miwani, siyo kandambili.

Miti iliyosimama? Muone kwanza ofisa misitu.